Mlango kati ya paka na panya

Panya akitekenywa tumboni hucheka. Wewe humsikii, maana kicheko chake kiko kwenye kilohezi 50 hivi (kilohezi ni kipimo cha wembamba wa sauti) na sikio la binadamu hukomea kwenye 20. Mwanasayansi Jaak Panksepp, aliyekuwa akifanya kazi Ohio, Marekani, alikigundua miaka ya 1990 kwa vifaa vinavyoishusha sauti hiyo hadi kiwango tunachoweza kukisikia. Paka hahitaji vifaa hivyo. Yeye husikia hadi zaidi ya kilohezi 60. Kwa hiyo panya wawili wakikimbizana na kuchekeana nyuma ya mlango uliofungwa, wewe unaona nyumba imetulia, na paka aliyejikunja kwenye kochi huenda anawasikia.

Nimeanza na sauti kwa sababu watu wanaotaka kufuga paka na panya pamoja huniuliza jambo moja tu: je, atamla? Wana haki ya kuuliza, ila hiyo ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni maisha ya panya ambaye hajaliwa. Anasikia nini, ananusa nini, anapataje usingizi na mwindaji yuko upande wa pili wa ukuta?

Ninaishi Uingereza na panya jike wanne na paka mmoja, jike pia. Mama mdogo aliponipigia simu ya video kutoka Tanga akaona mmoja amekaa begani kwangu, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, huyo si panya? Sisi huku tunahangaika nao kwenye mahindi." Nikamwambia, "Shikamoo mama, huyu ni wa kufugwa." Akaitikia marahaba, lakini sauti yake ilionyesha bado hajaridhika.

Namwelewa, kwa sababu neno letu panya limebeba wanyama wengi. Yupo panya mwembamba mwenye mkia mrefu anayepita darini na kwenye magunia, ambaye wataalamu humwita Rattus rattus. Yupo yule mdogo sana wa gramu 20 au 30, nitakayemwita kipanya. Yupo panya buku. Na yupo panya wa kufugwa, Rattus norvegicus, mnene zaidi, mwenye masikio madogo na gramu 250 hadi 500 au hata kuzidi, madume wakiwa wazito kuliko majike. Huyu wa mwisho alianza kuwa mnyama wa nyumbani London katika karne ya 19. Jack Black, mkamata panya aliyejitambulisha kuwa ndiye wa Malkia Victoria, alikuwa akiwanasa panya wenye rangi zisizo za kawaida, akawatunza, akawazalisha, akawauza. Mwaka 1901 Mary Douglas alifaulu kuwaingiza panya kwenye maonyesho ya chama kilichokuwa cha wafugaji wa vipanya. Kwa hiyo panya wangu ana vizazi vingi nyuma yake vilivyochaguliwa kwa upole. Anajua jina lake, anakuja akiitwa, na akipewa nafasi hulala ndani ya mkono wa sweta.

Wasomaji wa Tanzania watanikumbusha Magawa, panya buku aliyezaliwa Morogoro, akafunzwa na shirika la APOPO kunusa mabomu ya ardhini, akafanya kazi Kambodia na kutunukiwa nishani ya dhahabu na PDSA, shirika la kutibu wanyama la Uingereza, mwaka 2020. Nampenda Magawa kama mnavyompenda. Lakini panya buku ni ukoo mwingine kabisa, alikuwa na zaidi ya kilo moja, na hakuwa mnyama wa sebuleni. Mwaka 2003 shehena ya wanyama kutoka Ghana iliyokuwa na panya wakubwa wa aina hiyo ilipeleka homa ya nyani (mpox) Marekani, wagonjwa wakapatikana katika majimbo kadhaa, na serikali ya huko ikapiga marufuku kuwaingiza. Nasema hivi ili asitokee mtu akamtoa panya shambani au darini akidhani atamzoesha pamoja na paka wake. Makala hii inamhusu panya aliyezaliwa mikononi mwa watu.

Sasa turudi kwa paka. Intaneti imejaa picha za paka anamlamba panya, na wengi huamini kwamba ni suala la malezi. Malezi yana uzito kweli. Mwaka 1930 mtafiti wa Kichina Zing-Yang Kuo alichapisha jaribio ambalo bado linasomwa. Aliwalea vipaka katika mazingira matatu. Kati ya 21 waliokua wakimwona mama yao akiua panya, 18 walikuwa wauaji. Kati ya 20 waliolelewa peke yao, 9 waliua. Kati ya 18 waliolelewa kizimba kimoja na panya, walioua ni 3 tu, na hata hao hawakuwadhuru panya wa aina waliyokulia nayo. Waliua wageni.

Wapenda picha za kwenye simu husimama kwenye ile namba 3 wakafurahi. Mimi husimama kwenye 9. Vipaka wale hawakufundishwa na yeyote. Hawakuwahi kuona windo. Karibu nusu yao waliua, na paka wengi wanaokuja majumbani mwetu wanafanana na kundi hilo au lile la kwanza: hatujui mama yake alimwonyesha nini nyuma ya hoteli au sokoni kabla hajafika kwetu. Ule umri wa kulelewa na panya umeshapita. Kule Brooklyn, New York, kituo cha kuokoa paka kiliwahi kumweka kipaka mweusi aliyeitwa Ebony pamoja na panya mweupe, Ivory, kwa sababu Ebony alikuwa na virusi vya lukemia ya paka na hangeweza kukaa na paka wenzake. Virusi hivyo havimpati panya. Wakawa marafiki wa kulala pamoja. Habari hiyo ni ya kweli na inagusa moyo, lakini angalia masharti yake: kipaka mchanga, na watu waliokuwapo kuwaangalia. Nyumba ya mtu anayeondoka kazini asubuhi na kurudi jioni haina masharti hayo.

Kuna imani nyingine iliyoenea zaidi, nayo ndiyo huua panya wengi wa kufugwa: eti paka aliyeshiba hana shida. Mwaka 1976 Robert Adamec alionyesha jambo lililonifanya niache kabisa kumtegemea paka kwa sababu ya shibe. Aliwapa paka chakula wanachokipenda, na walipokuwa katikati ya kula, panya akatokezwa. Paka waliacha chakula, wakamuua panya, wengine wakambeba hadi kwenye sahani, kisha wakaendelea na chakula chao. Katika mwili wa paka, kuua na kula ni mambo mawili. Mwindaji mdogo anayekamata vitu vidogo hawezi kusubiri njaa ndipo awinde, maana majaribio mengi hushindwa. Lazima ashike nafasi inapopita. Panya anayekimbia chini ya meza ni nafasi inayopita.

Hiyo haina maana kwamba hakuna unaloweza kufanya. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter uliotoka mwaka 2021 ulikuta kwamba chakula chenye nyama nyingi kilipunguza mawindo yanayoletwa nyumbani kwa asilimia 36, na kucheza na paka dakika 5 hadi 10 kwa siku kulipunguza kwa asilimia 25. Mimi nafanya yote mawili. Lakini kupungua kwa asilimia 36 kunaleta faraja kwa ndege wa bustanini walio wengi. Kwangu, mwenye panya wanne ninaowajua kwa majina, hesabu hiyo haitoshi.

Wapo watakaosema panya mkubwa hamwogopi paka. Hapo pia pana ukweli. Wasomi waliowachunguza paka na panya katika kiwanda cha kuchakata taka huko Brooklyn walitoa matokeo mwaka 2018: katika siku 79 na video 306, paka walionekana wakinyemelea panya mara 20 tu, wakajaribu kuua mara 3, wakafaulu mara 2. Kabla yao, mwaka 1986, uchunguzi wa James Childs huko Baltimore ulionyesha kwamba panya wanaokamatwa na paka mitaani kwa kawaida ni wadogo, chini ya gramu 200. Panya mzima mwenye hasira huuma, na paka anajua. Ila panya yule wa kiwandani aliokolewa na mashimo, mabomba na tabia ya kutomwamini yeyote. Panya wangu hana shimo. Tumemlea aamini kila kinachomkaribia.

Hadi hapa tumezungumzia meno na makucha. Jambo lililobadilisha kabisa jinsi ninavyoipanga nyumba yangu ni harufu.

Panya wa maabara, ambaye yeye na mababu zake kwa vizazi na vizazi hawajawahi kukutana na paka, akiwekewa kipande cha kitambaa kilichosuguliwa kwenye manyoya ya paka huganda, hujificha, na hukataa kutoka. Hakufundishwa. Panksepp huyohuyo wa kicheko aliweka kiasi kidogo tu cha manyoya ya paka ndani ya kizimba cha panya wachanga waliozoea kucheza. Mchezo ulikoma. Manyoya yakaondolewa, na bado kwa siku kadhaa hawakucheza kama zamani. Mwaka 2010 watafiti wa taasisi ya Scripps huko California walitambua, kwa kutumia vipanya, moja ya vitu vinavyobeba ujumbe huo: protini iitwayo Fel d 4, iliyomo kwenye mate ya paka. Paka hujilamba mchana kutwa, kwa hiyo protini hiyo iko kwenye manyoya yake yote. Ukimbeba iko kwenye shati lako. Ukimpapasa iko viganjani. Kisha unaingia chumba cha panya na kuwanyooshea mkono huohuo.

Nililijua hilo kwa kusoma, nikaja kulijua kwa macho. Jioni moja sikubana kitasa vizuri. Nilitoka kuoga nikamkuta paka amekaa juu ya kizimba, ametulia, mkia umening'inia. Hakuna aliyeguswa. Panya wote wanne walikuwa wamesongamana kwenye pembe moja ya chini, mmoja juu ya mwingine, na mkubwa wao alikuwa na wekundu puani na kwenye macho. Anayeuona mara ya kwanza hudhani ni damu. Ni majimaji yenye porfirini, kemikali yenye wekundu, yanayotoka kwenye tezi iliyo nyuma ya jicho, na panya huyatoa akiugua au akibanwa na hofu. Usiku ule hawakugusa chakula. Siku iliyofuata walikula wakiwa ndani ya kiota tu. Mtu angeweza kusema hakuna lililotokea. Kwangu mimi lilikuwa limetokea tayari.

Je, panya asiyemwogopa paka ni ishara njema? Si lazima, na hapa ndipo mada inapokuwa na fundo. Kimelea kiitwacho Toxoplasma gondii hukamilisha maisha yake ndani ya utumbo wa paka, na mayai yake hutoka na kinyesi. Panya akiyameza, kimelea hukaa katika mwili wake hadi kwenye ubongo. Mwaka 2000 watafiti wa Oxford, Berdoy, Webster na Macdonald, waliwaweka panya kwenye uwanja wenye pembe zilizotiwa harufu tofauti: yao wenyewe, maji, sungura, na paka. Panya wasioambukizwa waliikwepa pembe ya paka. Walioambukizwa hawakuikwepa, na baadhi yao waliipendelea. Kwa kimelea ni faida, kwa kuwa panya akiliwa na paka kimelea kinarudi kwao. Kwa hiyo panya anayemsogelea paka kwa utulivu anaweza kuwa jasiri, anaweza kuwa amezoea, na anaweza kuwa mgonjwa. Kwa kumtazama tu huwezi kutofautisha.

Kinga yake si ngumu. Sanduku la mchanga la paka lisikae chumba kimoja na panya, wala juu ya mfuko wa chakula chao au maranda yao. Kinyesi kiondolewe kila siku, kwa sababu mayai hayo huhitaji siku moja hadi tano nje ya mwili ndipo yaweze kuambukiza. Mjamzito asiifanye kazi hiyo. Paka asiyetoka nje na asiyelishwa nyama mbichi ana nafasi ndogo ya kukipata kimelea hicho, na huyohuyo wa ndani haleti viroboto wa panya wa mtaani wala hali panya aliyelishwa sumu. Ndiyo maana nasema waziwazi: ukitaka kuwa na wote wawili, paka awe wa ndani.

Mpangilio wangu ni huu. Panya wana chumba chao na mlango unaofungwa kwa komeo, si kwa kitasa peke yake, tangu siku ile. Kizimba kiko ndani ya chumba hicho, kwa hiyo kabla ya paka kumfikia panya lazima makosa mawili yatokee pamoja, na mimi naamini katika makosa mawili kuliko ninavyoamini katika uangalifu wangu. Fito za kizimba zimeachana sentimita 1.25. Zikiachana 2.5, panya jike mchanga hutoka na mguu wa paka huingia. Mkia wa panya ukivutwa na ukucha ngozi yake huvuka kama soksi, wala hairudi. Kizimba kimefungwa ukutani kwa skrubu ili kisipinduke, na juu yake kuna ubao. Cha plastiki kisinunuliwe, maana panya mwenyewe atakitafuna.

Saa zao pia nimezitenganisha. Panya huamka giza linapoingia, na paka huwa macho zaidi magharibi na alfajiri, hivyo wote huchangamka wakati mmoja. Nikirudi kazini nawashughulikia panya kwanza, kabla sijamgusa paka. Kuna shati la chumba cha panya linaloning'inia kwa ndani ya mlango. Panya hutoka kizimbani angalau saa moja kila siku, humohumo chumbani, komeo likiwa limefungwa. Wakirudi kulala ndipo namchezesha paka kwa kamba yenye manyoya hadi achoke, kisha namlisha. Afuatilie, akamate, ale, ajilambe, alale. Nikimpa mchezo huo kila siku, kukwaruza mlango wa panya kunapungua sana.

Kwa ndugu wa Dar es Salaam, Mombasa au Muscat kuna tatizo ambalo vitabu vya huku havilitaji. Chumba kilichofungwa muda wote hugeuka tanuri. Panya hatoki jasho; hutegemea mkia wake kupoteza joto, na joto la zaidi ya nyuzi 30 linaweza kumuua. Mlango wa wavu ndilo jibu, lakini si wavu wa mbu, ambao kucha moja huupasua, wala wavu wa kuku, ambao matundu yake ni makubwa. Weka wavu wa chuma wenye matundu madogo, na nusu ya chini ya mlango iwe ya mbao ili hewa ipite huku wasitazamane macho kwa macho. Mkojo uliolowesha maranda hutoa amonia, na mapafu ya panya ni dhaifu mno kwa hewa hiyo, hivyo katika joto badilisha maranda mara nyingi zaidi.

Kosa likitokea ukakuta paka amemuuma, usidanganywe na udogo wa jeraha. Jino la paka ni kama sindano: tundu la juu hujifunga upesi, na bakteria aitwaye Pasteurella, anayeishi katika vinywa vya paka wengi, hubaki ndani akizaliana. Panya anaweza kuonekana mzima jioni na kufa kesho yake au keshokutwa. Mweke kwenye boksi dogo lenye giza na joto la wastani, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo, na mweleze wazi kwamba ni meno ya paka, kwa sababu hapo antibiotiki haisubiri uvimbe. Mkague na paka. Panya huuma kwa nguvu, mara nyingi usoni, na jeraha hilo nalo huvimba usaha.

Anayeishi chumba kimoja amewahi kuniuliza kama pazia linatosha. Halitoshi. Kizimba kikiwa mita mbili kutoka kwa kitanda cha paka, panya anaishi ndani ya harufu ile usiku na mchana, na hakuna kona ya kukimbilia. Hapo ningechagua mmoja. Panya huishi miaka 2 hadi 3, paka huweza kufika 15. Mwenye kuwataka wote anaweza kuanza na panya wawili au watatu, maana mmoja peke yake huteseka kwa upweke, akawapa miaka yao yote bila mwindaji ndani, na wakishaondoka akasafisha chumba, akafungua dirisha, ndipo akamleta paka.